Mtoto wako akipata tetekuwanga, tuambie siku hiyohiyo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na kama itawezekana msiikate sana maana nina mengi na yote nayamaanisha. Mimi ni mama wa mtoto mwenye saratani ya damu, ile wanayoiita lukemia, yuko kwenye matibabu na anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Magazeti yakiandika kuhusu hawa watoto wetu mara nyingi yanaandika gharama, nywele kunyonyoka, michango, na hayo ni kweli tupu na tunashukuru yakiandikwa. Ila kuna kitu kinatunyima usingizi sisi wazazi karibu sawa na saratani yenyewe, na sikumbuki kukisoma kimeelezwa vizuri gazetini, nacho ni virusi. Nasema virusi vya kawaida kabisa, tetekuwanga, surua, mafua, vitu ambavyo nyumba nyingine mtoto anaumwa wiki moja, anapona, anarudi kucheza na hakuna anayekumbuka tena kama aliumwa.

Ombi langu naliweka hapa mwanzoni ili hata asiyefika mwisho wa barua awe ameshalisoma. Kama mwanao katoka vipele vya tetekuwanga au kaambiwa ana surua, na siku chache kabla ya hapo alikuwa darasa moja au chumba kimoja na mtoto anayetibiwa saratani, mpigie simu mzazi wa huyo mtoto leo. Usisubiri apone kwanza, usione aibu, usiseme ah vipele vyenyewe vichache. Dawa za kusaidia zipo lakini zina muda wake, na huo muda unaanza kuhesabiwa siku watoto walipokutana, hausubiri siku sisi tuliyopata habari.

Sasa nieleze kwa nini, maana najua wengi wanajiuliza huyu mama anahangaika nini na tetekuwanga wakati mtoto ana saratani.

Lukemia inaanzia kwenye uboho, huko ndani ya mifupa ambako damu inatengenezwa. Seli nyeupe ambazo kazi yake ni kupigana na magonjwa zinaanza kuzaliwa mbovu, zinajaa, zinabanana mpaka zile nzima zinakosa nafasi. Kwa hiyo hata kabla ya dawa mtoto kinga yake ishaharibika. Halafu inakuja kemo, zile dawa kali za saratani, inaua seli mbovu, ndo kazi yake, lakini inaua na nzuri pia, na juu yake wanapewa dawa za jamii ya steroidi kama deksamethasoni ambazo nazo zinaishusha kinga na tena zinaweza kuificha homa, mtoto anaumwa ndani kwa ndani na kipimajoto hakisemi kitu. Kwa ile lukemia inayopata watoto wengi zaidi, inayotokea sana kati ya miaka 2 na 5, matibabu yote yanachukua kama miaka miwili mpaka mitatu. Miaka, jamani, siyo wiki.

Na hapa ndo penye shida kubwa ambayo watu hawaijui. Ile miezi ya mwanzo mtoto analazwa, amekonda, kichwa hakina nywele, kila mtu anamuonea huruma na kila mtu ananawa mikono kabla ya kumshika. Baadaye anaingia hatua ya mwisho ya matibabu ambayo ni ndefu kuliko zote, anakunywa vidonge nyumbani, merkaptopurini kila siku na methotreksati mara moja kwa wiki, nywele zinaota, mashavu yanarudi, anaanza kwenda shule, anakimbia uwanjani na wenzake, ukimuona hutajua kitu. Basi watu wanasema kapona huyo. Mwalimu anasema kapona, majirani wanasema kapona, ndugu zangu mwenyewe walisema hivohivo. Lakini vile vidonge ndo bado vinaibana kinga yake kila siku, na sasa yuko katikati ya watoto wenzake darasani ambako virusi vyote vinapita. Anayeonekana mzima kuliko wote ndo anayesahaulika kuliko wote.

Nianze na tetekuwanga maana ndo inayotukuta sana.

Mtoto wa kawaida akiipata anatoka malengelenge, anajikuna, anapakwa losheni, baada ya wiki hivi yamekauka. Mtoto aliye kwenye kemo, virusi vilevile havina wa kuvizuia, vinaweza kushuka kwenye mapafu vikaleta nimonia, vikaingia kwenye ini, vikafika hata kwenye ubongo. Wengine wanaanza na maumivu makali ya tumbo au mgongo kabla hata kipele kimoja hakijatoka, na mzazi akidhani ni tumbo la kawaida anachelewa. Zamani kabla hazijapatikana dawa za kupambana na hivi virusi, watoto wenye saratani walikuwa wanakufa kwa tetekuwanga, mtoto saratani yake inakubali dawa vizuri kabisa halafu anaondoka kwa ugonjwa ambao wadogo zake wameupata wakacheka nao.

Sasa piga hesabu na mimi. Mwenye tetekuwanga anaanza kuambukiza siku moja au mbili kabla vipele havijatoka, yaani wakati bado yuko shuleni anacheza na hakuna anayejua. Kukaa naye chumba kimoja kama dakika 15 au kuongea naye uso kwa uso inatosha kuhesabika kwamba umekutana nayo. Mtoto wetu akikutana nayo kuna sindano inaitwa imunoglobulini, ni kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu wenye kinga nzuri, na inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 96, yaani siku nne, japo madaktari wanaweza kuitoa mpaka siku ya kumi. Kama haipo au muda umepita wanaweza kutumia asaiklovia, dawa ya kupambana na hivi virusi, kwa njia ya kuzuia, mara nyingi wanaianza siku ya saba baada ya kukutana. Haya, vipele vikitoka kwa mwanao Jumatatu, inawezekana alimpa mwanangu tangu Jumamosi. Siku mbili kati ya nne zimeshakwenda na hakuna aliyekosea. Ukikaa kimya Jumanne na Jumatano umemaliza zilizobaki.

Sisi yametukuta haya. Mtoto mmoja wa darasani kwao alipata tetekuwanga, mzazi wake akamuweka nyumbani kimya kimya, nafikiri kwa nia nzuri tu hakutaka kuleta hofu, na shule nayo ilijua ikanyamaza. Mimi nilikuja kusikia wiki ya pili mwanangu mwenyewe aliponihadithia nikiwa namvalisha viatu, "Mama, fulani wa darasani kwetu alikuwa na vipele lakini sasa hivi amerudi". Miguu iliniisha nguvu. Tulipiga simu hospitali, tukafanya walichotuelekeza, na mwisho hakuugua. Lakini zile siku za kumkagua ngozi asubuhi na jioni simuombei mzazi yeyote azijue, na ingeweza kuwa simu moja tu tangu mwanzo.

Mzazi mwenye mgonjwa kama wangu nawe nikukumbushe kitu hapa. Ukisikia mtoto wako amekutana na tetekuwanga usikimbilie naye moja kwa moja kwenye wodi ya kemo au pale kwenye benchi la kliniki, piga simu kwanza uwaambie, watakuelekeza mlango na chumba. Ugonjwa unakaa mwilini siku 10 mpaka 21 kabla ya kujitokeza, na akishapewa ile sindano ya imunoglobulini unaweza kuchelewa mpaka siku 28, na katika hizo siku anaweza kuwapa wenzake kumi waliolala hapo wakiwa hawana kinga kabisa. Na kama vipele vimeshatoka hiyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku, asaiklovia ya dripu inasaidia sana ikianza mapema.

Kuna jambo moja kuhusu hiyo asaiklovia linanigusa kila nikilifikiria. Merkaptopurini, kidonge anachokunywa mwanangu kila usiku, ilitengenezwa na mwanamama Mmarekani Gertrude Elion akiwa na mwenzake George Hitchings, ikaanza kutumika kwa lukemia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Miaka ya 1970 timu ya huyohuyo Elion ndo iliyotoka na asaiklovia. Yaani mikono ileile iliyoleta dawa ya saratani ndo ikaleta na dawa ya virusi vinavyowavizia wale watoto wakiwa kwenye matibabu. Alipewa Nobeli mwaka 1988 pamoja na Hitchings na mwanasayansi mwingine James Black. Namtaja kwa sababu watoto wengi wako hai leo kwa kazi yake na wazazi wao hawajawahi kulisikia jina lake.

Na mkanda wa jeshi nao msiusahau. Ni virusi haohao wa tetekuwanga waliojificha kwenye mishipa ya fahamu ya mtu tangu utotoni wakaamka ukubwani. Babu au bibi mwenye mkanda wa jeshi akimkumbatia mtoto ambaye hajawahi kupata tetekuwanga anaweza kumpa tetekuwanga, maji ya yale malengelenge ndo yanayoambukiza. Wazee wetu tunawapenda, tuwaombe tu wafunike na wasubiri yakauke yote ndo waje.

Tafadhali sana pia acheni ile kawaida ya kusema mpeleke acheze na mwenye tetekuwanga aipate mapema amalizane nayo. Mwanao anaweza kumalizana nayo salama, lakini huwezi kujua ataipeleka kwa nani. Chanjo yake ipo, Mjapani Michiaki Takahashi aliitengeneza miaka ya 1970 baada ya mtoto wake mwenyewe kuugua tetekuwanga vibaya. Kama unaweza kuipata kwa ajili ya watoto wako wazima, hasa kama ndani ya nyumba kuna mgonjwa, waulize wataalamu.

Surua sasa. Hii naiogopa zaidi.

Surua ni katika magonjwa yanayoambukiza kuliko yote duniani, mgonjwa mmoja kwenye watu wasio na kinga anaweza kuwapa watu 12 mpaka 18, na virusi vyake vinaweza kubaki hewani mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Wewe unaingia chumba kitupu unaona salama kumbe hapana. Na hesabu yake ni kama ile ya kwanza: mgonjwa anaanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele, na imunoglobulini inatakiwa ndani ya siku sita tangu mtoto akutane nayo. Nne kati ya sita zinaweza kuwa zimeisha kabla hata mama wa mgonjwa mwenyewe hajajua ni surua. Ndo maana nasema simu ni siku hiyohiyo.

Kinachotisha zaidi ni kwamba kwa mtoto asiye na kinga surua inaweza isitoe vipele kabisa. Vile vipele tunavyovitumia kuitambua surua vinatokana na mwili wenyewe kupigana, sasa mwili usiopigana hautoi vipele. Mtoto anakuja na homa, kikohozi na kupumua kwa shida, ni nimonia mbaya ya surua na hakuna anayewaza surua. Kuna aina nyingine inakaa kimya wiki au miezi kadhaa halafu inatokea kwenye ubongo, mtoto anaanza degedege zisizokoma, na hiyo mpaka leo tiba ya uhakika haina. Sitaki kuwatisha ila ukweli ni huo na nimeamua nisiupunguze.

Na huyu mtoto huwezi kumchanja surua akiwa kwenye kemo. Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, mwili mzima unavimudu bila shida ila mwili wa huyu haujawa tayari. Hata kama alichanjwa zamani kabla hajaugua, kemo inaweza kuifuta ile kinga. Kwa hiyo kinga yake ya surua iko kwenye mwili wa mwanao. Wataalamu wanasema ili surua isisambae inatakiwa kama watu 95 kati ya 100 wawe na kinga, wale watano waliobaki ndo wachanga sana na wagonjwa kama wetu. Mzazi mwenye mtoto mzima anayeacha chanjo kwa makusudi anaichukua nafasi ambayo ilikuwa ya mtoto asiyeweza kuchanjwa. Najua kuna maneno mengi yanazunguka kwenye simu kuhusu chanjo, na mzazi kuogopa kwa ajili ya mtoto wake naelewa kabisa, hata mimi ni muoga. Lakini muulize daktari au nesi uso kwa uso, usiulize kwenye magrupu.

Mafua na vikohozi nitapita haraka, sio kwamba ni vidogo, ni vile viko vingi. Influenza, RSV, adenovirusi, Korona, vyote hivi kwa watoto wetu vinaweza kushuka kifuani, na hata visiposhuka vinakaa muda mrefu, mtoto mzima anakuwa na mafua siku tano wetu anaendelea kutoa virusi wiki kadhaa. Wakati wa Korona ilionekana wazi kwamba watoto wenye saratani walikuwa wanaumwa vikali kuliko watoto wengine. Na kuna hasara nyingine ambayo wa nje haioni: mtoto akiumwa, kemo inasimamishwa. Inabidi isimame, mwili haubebi vyote viwili. Lakini kila ikisimama ratiba inasogea, na hii ratiba haikupangwa ovyo, ni ya kuzuia saratani isirudi. Kwa hiyo yule aliyekuja kututembelea akiwa na mafua kidogo tu anaweza kuwa ametuchukulia wiki mbili za matibabu. Chanjo ya influenza ya sindano haina virusi hai, mgonjwa mwenyewe daktari wake anaweza kumpa na watu wote wa nyumbani wanashauriwa kuchanja kila mwaka, inapopatikana.

Kuna kimoja kinaitwa parvovirusi B19, nakitaja kwa wazazi wenzangu tu. Watoto wazima kinawapa mashavu mekundu na basi. Wetu kinaweza kuzuia uboho usitengeneze damu, damu inashuka inashuka bila sababu ya wazi, na mzazi moyoni ameshakata tamaa akidhani saratani imerudi kumbe ni kirusi na kinapimika. Ukiona damu inashuka, uliza na hilo.

Sasa homa. Kwa mtoto aliye kwenye kemo, kipimajoto kikisoma 38 na kuendelea hiyo siyo homa ya kusubiri asubuhi. Pigeni simu, nendeni hospitali. Kuna seli nyeupe zinaitwa neutrofili, zikishuka chini ya 500 kwenye kile kipimo chao mwili hauna askari, na bakteria wakiingia kwenye damu wakati huo mtoto anaweza kwenda ndani ya saa chache. Ndo maana hospitali zinazofuata utaratibu zinajitahidi antibayotiki ya dripu iingie ndani ya saa moja tangu mtoto afike. Wazazi wengi wanauliza, mbona baadaye mnasema ilikuwa virusi tu na mtoto mmemtundikia antibayotiki siku zote hizo? Jibu nililopewa na likaniingia ni kwamba mara nyingi kweli ni virusi, lakini usiku ule wa kwanza hakuna anayeweza kutofautisha kwa kumuangalia mtoto, na ukikosea kwa kudhani ni virusi kumbe ni bakteria hupati nafasi ya pili.

Usimpe kwanza dawa ya kushusha homa ukasema tuone, pima, piga simu, ndo ufuate wanachosema. Usimuwekee dawa wala kipimajoto njia ya haja kubwa, pale pana ngozi laini na bakteria wengi. Asprini na ibuprofeni usimpe kwa akili yako, chembe sahani zake, zile za kugandisha damu, zikiwa chini anaweza kuvuja damu, na asprini kwa mtoto yeyote mwenye tetekuwanga au influenza inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo unaoitwa Reye. Na ukifika mapokezi usikae kwenye foleni kwa heshima, sema kwa sauti mtoto wangu yuko kwenye kemo na ana homa. Rudia mpaka mtu anyanyuke.

Hapo kwenye foleni nina neno na hospitali pia, ziko nyingi na siitaji hata moja. Watoto wa kemo wanakalishwa benchi moja na watoto wenye vipele na vikohozi, masaa. Sidai jengo jipya. Naomba kona, mlango wa pembeni, nesi mmoja wa kuuliza pale mwanzo nani yuko kwenye kemo, nani ana vipele. Hilo halihitaji bajeti yoyote.

Nizungumze na wanaotuogopa. Saratani ya damu haiambukizi. Ukimgusa mwanangu, ukila naye, ukilala naye hupati kitu. Kuna virusi ambavyo vinachangia baadhi ya saratani, hilo ni kweli, mfano kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa mwaka 1964 kwenye uvimbe wa watoto wa Afrika, ile limfoma ya Burkitt, lakini hicho kirusi zaidi ya watu 90 kati ya 100 ukubwani wanacho na karibu wote hawapati saratani yoyote. Kwa hiyo yeye ndo anayetakiwa kujihadhari na nyie, msimpe mafua. Njooni mmuone. Mkiwa wazima, mmenawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, njooni kabisa, anawahitaji wenzake kuliko mnavyodhani, upweke nao unamuumiza. Sabuni nasisitiza kwa sababu ile jeli ya mikono ni nzuri lakini kwa virusi vya kuharisha kama norovirusi haifui dafu, na kuharisha kwa watoto hawa kunaweza kuchukua wiki na wiki.

Wadogo na wakubwa zake nyumbani wachanjwe kila chanjo inayowahusu, surua ikiwemo, maana wao ndo ukuta wa kwanza. Ukipeleka wadogo zake kliniki sema mapema kwamba nyumbani kuna mtoto wa kemo, kwa sababu polio kuna ya matone na ya sindano. Ya matone ina virusi hai vinavyotoka na choo, kwa nyumba kama yetu inatakiwa ile ya sindano. Mimi nililijua hili kwa nesi mmoja muungwana aliyeniuliza swali moja tu, nani mwingine yuko nyumbani, na nataka manesi wote waulize hivyo.

Na matibabu yakiisha, kadi ya chanjo inafunguliwa upya. Madaktari wanasubiri miezi kadhaa baada ya kemo kuisha ndo wanarudia chanjo, zile zenye virusi hai zinangoja zaidi, na aliyepandikizwa uboho hizo za virusi hai anazingoja mpaka kama miaka miwili. Kwa hiyo mkisikia mtoto fulani amemaliza kemo, watu wamepiga vigelegele, bado ana muda mbele yake wa kulindwa na wengine.

Mhariri, ninachoomba kwako ni mtafute daktari bingwa wa watoto aandike ukurasa mmoja wa walimu, mfupi, unaoweza kukatwa na kubandikwa ofisini. Kwa walimu wakuu ninaomba mwanzoni mwa muhula mtume barua kwa wazazi wa darasa lenye mtoto kama huyu, jina lake halina haja ya kutajwa kama wazazi wake hawataki, mseme tu kwamba darasani yupo mtoto mwenye kinga ndogo na tetekuwanga au surua ikitokea nyumbani kwa mtu yeyote, ofisi iambiwe siku hiyohiyo. Na ofisi ikiambiwa, itupigie hapohapo, hata kama ni saa mbili usiku, hata kama hamna uhakika ni vipele vya nini. Namba zetu ziwekwe kwenye simu ya mwalimu wa darasa, zisibaki kwenye faili kabatini.

Mama wa mtoto aliye kwenye kemo